Chumba kimoja, kiwanja cha ishirini kwa ishirini

Dalali alifungua kufuli, akasukuma mlango, akatupisha tuingie kwanza. Ilikuwa Jumapili mchana, huko Mpemba, katika mji wetu wa mpakani wa Tunduma, na mvua ya usiku uliopita ilikuwa imeacha tope hadi kizingitini. Mume wangu alianza kupima kwa hatua. Sebule, hatua tano kwa nne. Chumba kimoja chenye choo na bafu ndani. Jiko ambalo watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji isiyo na vigae, grili dirishani. Tukawa tumeimaliza nyumba yote, na mtoto wetu wa miaka mitatu bado alikuwa anavua viatu mlangoni.

"Ndiyo hii tu?" mume wangu aliuliza.

"Ndiyo hii, kaka. Lakini twende nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mahindi yaliyofika kiunoni, na ndani ya mahindi hayo dalali alituonyesha mawe manne ya bikoni, moja baada ya jingine, akiyafuta udongo kwa kiatu. Kiwanja ni ishirini kwa ishirini, mita za mraba 400. Nyumba inachukua kona moja tu. Bei: shilingi milioni 22, na maongezi yapo.

Tangu siku hiyo, kila jioni nyumbani kwetu mazungumzo ni hayo hayo. Ninayaandika hapa kwa sababu najua hatuko peke yetu. Tunduma imejaa watu wa umri wetu: mawakala wa forodha, wauza vitenge, madereva, walimu, wabadilisha kwacha, vijana wa maduka ya spea. Wengi walikuja kwa kazi ya mwaka mmoja, leo wana watoto wanaosoma hapa, na bado wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa mama mwenye nyumba. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 97,562 katika mji huu. Sensa ya 2022 iliwakuta 219,309. Mji uliozidi maradufu kwa miaka kumi hauwezi kuwa na kodi inayosimama mahali pamoja, wala viwanja vinavyosubiri mtu ajipange.

Sisi tunalipa 120,000 kwa mwezi kwa chumba na sebule katikati ya mji, maji ya kununua kwa ndoo siku nyingi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Ukigawa milioni 22 kwa kodi hiyo, unapata miaka 15 na ushei. Maana yake, kwa hesabu ya leo, pesa ya nyumba ile ingetulipia kodi mpaka mwanetu amalize sekondari. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuhesabu ushuru wa mizigo ya watu, alisema hesabu hiyo inatosha kutufanya tukae tulipo. Nilimwambia kodi ya miaka 15 ijayo haitakuwa 120,000, na baada ya miaka hiyo kumi na mitano tutatoka na begi zetu. Akanyamaza, lakini sikuwa nimemshinda. Hofu yake haikuwa kodi. Alikuwa anaona aibu ya chumba kimoja.

Aibu hii inafanya kazi kubwa kuliko tunavyokiri. Kwetu mtu "akijenga" anatarajiwa ajenge: vyumba vitatu, masta kimoja, sebule, dining, stoo, veranda yenye nguzo. Ndugu wanakuja kuona. Ndiyo maana ukitembea Chapwa, Katete au pembezoni mwa barabara ya kwenda Sumbawanga unakutana na mapagale mengi: kuta zimefika lenta, nyasi zimeota sebuleni, mwenyewe bado amepanga chumba kimoja mjini. Ana msingi wa nyumba ya vyumba vinne na hana pa kulala pake. Kama angejenga vyumba viwili kati ya hivyo vinne akaezeka, angekuwa amehamia zamani. Wapo waliofanya hivyo, na wengi wao sasa wanaishi kwao, plasta ikisubiri.

Lakini hoja ya ukubwa ina upande mwingine ambao si majivuno, nami sikuupima vizuri mwanzoni. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Kyela. Kwa mila za Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mwanamke akimwona mkwewe njiani hukwepa, na kulala chini ya paa moja naye ni jambo zito. Miji na shule vimelegeza mengi, lakini havijalegeza yote. Baba mkwe akija kwa matibabu, atalala wapi? Sebuleni, ukuta mmoja na chumba chetu, choo kikiwa ndani ya chumba hicho hicho? Haiwezekani, na mtu asiyeelewa kwa nini haiwezekani hawezi kutushauri kuhusu nyumba. Nyumba huku haihesabiwi kwa idadi ya wanaoishi ndani tu. Inahesabiwa pia kwa wale wanaoweza kuja bila taarifa, na ambao huwezi kuwaambia wakalale gesti.

Hapo ndipo mawe manne kwenye mahindi yalipoanza kuwa na maana kwangu. Anayenunua chumba kimoja kwenye ghorofa, iwe London au Nairobi, ananunua ukubwa wa kudumu. Hawezi kumwomba jirani wa juu asogee. Kenya sasa inajenga maghorofa ya namna hiyo kwa fedha za umma: Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ni njia yao, na kwa jiji lililobanwa inaweza kuwa njia sahihi. Tanzania nayo ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo tangu 2008. Tunduma bado hatujafika huko. Hapa nyumba ya chumba kimoja inasimama chini, juu ya ardhi yake. Ukiwa na mita za mraba 400, mwaka wa pili unainua banda la chumba na choo cha nje kwa ajili ya wageni, mlango wake ukielekea upande mwingine kabisa. Mwaka wa tano unaongeza chumba cha watoto. Nyumba unaweza kuibadilisha. Kiwanja huwezi kukiongeza, na kiwanja kibaya hakigeuki kizuri kwa sababu umekijengea vyumba sita.

Kwa hiyo tulipoacha kubishana juu ya vyumba na kuanza kuuliza habari za ardhi, ndipo tulipoanza kununua kwa akili. Najua tulivyokuwa kabla ya hapo, kwa sababu nyumba ya kwanza tuliyoipenda haikuwa hii.

Ile ilikuwa na vyumba viwili, bati bado linang'aa, kando ya barabara kuu ya Mbeya, na bei yake ilikuwa chini kuliko hii ya Mpemba. Tuliipenda sana. Mimi nilishaanza kupanga mahali pa kuweka genge. Fundi mmoja aliyekuwa anapita ndiye aliyetuuliza kama tumepima kutoka katikati ya lami. Tukaazima futikamba. Ukuta wa mbele ulikuwa mita 26. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa amejenga kati ya 22.5 na 30 kabla ya upanuzi huo anastahili fidia barabara itakapomfikia, na nyumba yake hupigwa X ya kijani. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 hupigwa X nyekundu na huvunja mwenyewe. Na aliyejenga juzi, sheria ikiwa imeshapita, hana cha kudai. Nyumba ile ilikuwa mpya. Barabara hiyo ndiyo njia ya shaba na mafuta kati ya Dar es Salaam, Zambia na Kongo. Foleni ya malori kuelekea mpakani hufika Chapwa na Mpemba, na siku mbaya hupita hapo. Kila anayeiangalia foleni hiyo anajua barabara hii haitabaki nyembamba hivi milele. Tulirudisha futikamba, tukaondoka. Nyumba ile iliuzwa baada ya wiki chache, na kila nikipita hapo kwa basi moyo unaniuma kwa ajili ya aliyeinunua.

Tunduma ina mistari mingi ya namna hiyo. Kuna hifadhi ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na inayovuka mpaka hapa hapa. Kuna mpaka wenyewe, ambapo Tunduma na Nakonde ya Zambia zimeshikana kiasi kwamba mgeni hajui amevuka saa ngapi. Mtu asinunue nyumba upande huo bila kujua bikoni za nchi mbili ziko wapi. Na kuna maeneo ambayo juzi yalikuwa vijiji, ambako muuzaji anakuonyesha karatasi ya mauziano yenye mashahidi wanne na muhuri. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mliuziana. Haionyeshi kwamba aliyekuuzia ndiye mwenye haki. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji kauli, na bila idhini yake umenunua mgogoro.

Kwa watu wa mpakani kuna jambo jingine la kuangalia mapema, kwa sababu ndoa za hapa zinavuka uzio: Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mke au mume wa Kizambia anaweza kuchangia kila tofali na bado jina lake lisiingie kwenye hati. Wenye ndoa hizo wamwone wakili kabla ya kutoa senti.

Hati ndiyo inayotenganisha nyumba mbili zinazofanana kwa macho. Kiwanja cha Mpemba kimepimwa. Kina namba ya kitalu na namba ya kiwanja. Hiyo inamaanisha naweza kwenda ofisi ya ardhi nikafanya upekuzi, yaani sachi kama madalali wanavyosema, nikajua jina lililopo ni la nani, kama kuna rehani ya benki juu yake, kama kuna zuio la mahakama, kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Hati ya makazi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ni lazima kuuliza imebaki mingapi. Kuhamisha umiliki kuna fomu zake za ardhi, namba 29, 30 na 35, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji lakini isipolipwa Mamlaka ya Mapato, hati haisogei. Wanunuzi wengi huishia kuilipa wao kwa sababu hawakukubaliana mapema nani atailipa. Sisi tumeiweka mezani siku ya pili.

Kwa kiwanja ambacho hakijapimwa, hakuna pa kupekua. Unabaki na maneno ya majirani, na majirani wengine ni ndugu wa muuzaji.

Muuzaji wetu anahamia Sumbawanga. Ni mtu mstaarabu, anajibu kila swali. Nilipomuuliza mke wake yuko wapi, alisema ametangulia. Nikamwambia tutamsubiri. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, na kesi nyingi kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba huanza na mwanamke anayerudi kutoka safari akakuta watu wasiomjua wanapiga rangi sebule yake. Sitaki kuwa mtu huyo anayepiga rangi. Mke aje, asaini mbele ya wakili, pesa ndipo itoke.

Kifungu hicho hicho kilinirudisha kwenye nyumba yetu wenyewe. Jina la nani litaandikwa? Nilitegemea ubishi, haukuwepo. Mume wangu alisema "yote mawili" kabla sijamaliza swali. Lakini majina mawili kwenye hati moja yanaweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa, na ofisini hawatakueleza usipouliza. Kuna umiliki wa pamoja: mmoja akifariki, nyumba yote inakuwa ya aliyebaki. Na kuna umiliki wa kila mtu na fungu lake: mmoja akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi, na warithi wengine wana haki ya kulidai. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 159, inautenga ule wa kwanza kwa ajili ya wanandoa. Katika mkoa huu nimewaona wajane waliotolewa kwenye nyumba walizosomba maji ya kujengea kwa vichwa vyao, baada ya kikao cha ukoo cha siku moja. Nyumba kubwa au ndogo haikuwaokoa. Mstari mmoja kwenye hati ungewaokoa. Tumeamua umiliki wa pamoja, na mume wangu ndiye atakayeeleza kwao Kyela, kwa sababu ni kwao.

Pesa nayo. Tuna milioni 10 benki na kwenye vikoba, jasho la miaka minne. Pungufu ni milioni 12. Mikopo ya nyumba ya benki kwa miaka kadhaa sasa imekuwa na riba ya kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue 17 kwa miaka kumi: rejesho ni takribani 208,500 kwa mwezi, na hadi mwisho tutakuwa tumerudisha zaidi ya milioni 25 kwa milioni 12 tulizochukua. Ndiyo maana, pamoja na sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, mikopo ya nyumba nchini bado haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa. Watanzania si wavivu wa kukopa. Wanajenga kwa tofali la mwezi huu na bati la mwaka ujao kwa sababu wamepiga hesabu hiyo wakaiona.

Na riba peke yake haitoshi kuamua. Kipato cha mji huu kinapitia geti la mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimerahisisha mengi, lakini Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya Uviko-19, mume wangu alikaa nyumbani bila faili hata moja. Ilikuwa siku chache tu. Benki inataka miaka kumi ya miezi isiyokosa, na nyumba ndiyo dhamana. Anayelipwa mshahara wa serikali anaweza kuipokea hesabu hii kwa namna nyingine. Kwa familia inayokula kwa idadi ya malori yaliyovuka, mimi naikataa.

Kwa hiyo tumemwendea muuzaji na neno tofauti. Tumeomba bei ishuke hadi 19, kwa kuwa vigae hakuna, dari hakuna, maji hayajaingizwa. Tumeomba tulipe 10 siku ya kusaini na zilizobaki kwa awamu mbili ndani ya miezi kumi na minane, mkataba uandikwe na wakili, hati ikae kwake huyo wakili hadi awamu ya mwisho, na sisi tuhamie mapema ili ile 120,000 ya kodi iingie kwenye deni. Amekubali awamu. Bei bado anasema 20.

Nilirudi Mpemba peke yangu wiki iliyopita, saa moja asubuhi, baada ya mvua kubwa ya usiku. Nawasihi wote wanaotafuta nyumba huku wafanye hivyo. Masika yetu yanaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na nyumba inayoonekana vizuri Agosti inaweza kuwa kisima Februari. Maji yalikuwa yamepita upande wa pili wa njia. Uani palikuwa pamelowa, lakini maji hayakutuama. Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa anakinga maji ya bati kwenye pipa. Nilimuuliza bomba linatoka siku gani. Aliniambia kwa kweli kabisa: hujui linatoka lini, nunua tangi kabla ya kununua kochi. Kisha akaniuliza kama ndio tunaochukua ile ndogo. Nilimjibu kwamba bado tunaangalia.

"Mimi nilianza na chumba kimoja hapo," alisema, akanyoosha mkono kuonyesha nyumba yake. Ina mabati ya rangi tatu tofauti, na ukitazama vizuri unaona ukuta wa kwanza ulipoishia na wa pili ulipoanza.

Nilimweleza mume wangu habari za mabati yale. Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi nilimkuta na karatasi ya daftari, amechora kiwanja cha ishirini kwa ishirini, nyumba kwenye kona yake, na upande wa mbali kabisa, karibu na bikoni ya nne, kijisanduku alichokiandikia: Baba.

Jumatatu tunapeleka namba ya kitalu na ya kiwanja ofisi ya ardhi. Mke wa muuzaji anatarajiwa Alhamisi. Majibu ya upekuzi yakiwa safi na saini yake ikiwepo, tutanunua. Kimojawapo kikikosekana, hatutanunua, hata akishusha hadi milioni 15.